Nebulaiza ndogo ya betri kwa mtoto mwenye sistiki faibrosisi: tathmini baada ya miezi saba

Mwezi Aprili tulinunua nebulaiza ndogo ya betri, yaani mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvutwa kwa pumzi, ya aina inayotumia kiwambo chenye matundu madogo badala ya kompresa, injini ya kusukuma hewa, kwa ajili ya mwanetu ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu. Tumeitumia mara mbili kwa siku kwa miezi saba, nyumbani kwetu Leicester, Uingereza, na, kwa wiki tatu za mwezi Agosti, nyumbani kwa bibi yake Mombasa. Ilitugharimu pauni 94 pamoja na barakoa moja ya mtoto. Sitaitaja chapa yake, kwa sababu karibu yote nitakayoyaeleza, mazuri na mabaya, yanatokana na jinsi aina hii ya mashine inavyofanya kazi, na mzazi atakutana nayo hata akichagua chapa nyingine.

Kabla ya kuipima mashine, ni lazima nieleze inafanya kazi gani katika nyumba kama yetu. Sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata anapopokea nakala mbovu ya jeni iitwayo CFTR kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi wenyewe kwa kawaida huwa hawana dalili yoyote. Jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1989, ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza njia ya kupitishia kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, kwenye utando wa seli. Njia hiyo isipofanya kazi, ute wa mapafu na wa kongosho hukosa maji na kuwa mzito, vijidudu hupata makao humo, na mapafu huharibika taratibu. Mwanetu aligunduliwa kwa tone la damu la kisigino, kipimo ambacho tangu mwaka 2007 watoto wachanga wote wa Uingereza hufanyiwa, kisha kipimo cha chumvi iliyomo kwenye jasho kikathibitisha.

Wengi waliosikia habari za ugonjwa huu katika miaka ya karibuni wamesikia pia kuhusu vidonge vya Kaftrio, vilivyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020, ambavyo vimebadilisha maisha ya wagonjwa wengi wenye badiliko la jeni liitwalo F508del. Mwanetu hana badiliko hilo hata kwenye nakala moja, na mabadiliko aliyonayo hayamo katika yale yanayosaidiwa na vidonge hivyo. Wagonjwa wenye asili ya Afrika huwa katika hali hiyo mara nyingi zaidi kuliko wenye asili ya Ulaya. Ninalisema hili kwa uchungu, lakini pia kwa sababu linahusu tathmini hii moja kwa moja: mtoto asiyekuwa na kidonge hutegemea ukungu wa dawa, fiziotherapia ya kifua, vimeng'enya vya chakula na viuavijasumu, na kwa hiyo mashine inayotoa ukungu huo ni kifaa ambacho nyumba nzima hupangwa kukizunguka.

Hospitali ilikuwa imetuazima nebulaiza ya kompresa tangu mwanetu alipokuwa na mwaka mmoja. Ni mashine imara, na sina neno baya juu yake isipokuwa uzito wake, kelele zake, na sharti lake la kukaa karibu na soketi ya umeme. Ratiba yetu ya asubuhi ilikuwa hivi: pumzi chache za salbutamoli kupitia chombo cha plastiki ili njia za hewa zifunguke, kisha mililita 4 za maji ya chumvi ya asilimia 7, kisha fiziotherapia, na hapo ndipo kifungua kinywa. Nilipima kwa saa ya simu siku kumi mfululizo, na maji hayo ya chumvi peke yake yalichukua dakika 14 kwa wastani. Kwa mtu mzima dakika 14 ni muda mfupi. Kwa mtoto wa miaka miwili anayesikia wenzake wakicheza nje na aliyefunikwa pua na mdomo, ni muda mrefu kuliko uvumilivu wake, na dakika nne za mwisho daima zilikuwa za machozi.

Mashine ndogo hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Badala ya kusukuma hewa kwa nguvu ili ipasue dawa kuwa ukungu, hutikisa kwa kasi kubwa mno kiwambo chembamba cha chuma chenye maelfu ya matundu yasiyoonekana kwa macho, na dawa hupenya humo ikatoka upande wa pili ikiwa ukungu. Haina mpira mrefu wala sanduku la injini, na sauti yake ni mvumo mdogo ambao mtu aliye chumba cha pili hausikii. Katika wiki ya kwanza mililita zile zile 4 ziliisha kwa dakika 6. Tangu tulipoanza kuitumia, mtoto alikaa mapajani mwangu akisikiliza hadithi, jambo ambalo halikuwezekana wakati kompresa ilipokuwa ikinguruma mezani.

Hata hivyo, nisingependa mzazi yeyote akimbilie dukani kwa sababu ya hizo dakika nane. Mtaalamu wetu wa fiziotherapia alitaka kuiona mashine kabla hatujaitumia, akapima mapigo ya pumzi na oksijeni ya mtoto katika dozi ya kwanza palepale kliniki, na akatuwekea mpaka ulio wazi: iwe ya maji ya chumvi tu, na dornase alfa, dawa nyingine ya ukungu inayopunguza uzito wa ute, ibaki kwenye kompresa hadi atakapoturuhusu vinginevyo. Si kila dawa hupita vizuri kwenye kila kiwambo, na dornase alfa haichanganywi na dawa nyingine katika kikombe kimoja. Duka tulilonunua, ambalo huuza vifaa vya tiba kwa njia ya intaneti, halikuwa limeandika neno lolote kuhusu hilo; tangazo lao lilisema tu kwamba mashine inafaa kwa dawa zote. Maneno hayo si ya kweli, na yanaweza kumdhuru mtoto.

Sasa niingie kwenye barakoa, ambayo naiona ni muhimu kuliko mashine yenyewe. Ile iliyokuja ndani ya sanduku iliandikwa kuwa ni ya watoto, lakini ilikuwa ya plastiki ngumu na pana kiasi kwamba ukungu ulikuwa ukipanda kwenye macho ya mwanangu na kumchoma. Maji ya chumvi ya asilimia 7 yakiingia machoni huuma, na mtoto aliyeumwa macho mara moja huikumbuka barakoa hiyo kila anapoiona. Tulilazimika kununua nyingine ya silikoni laini kwa pauni 12, tukaijaribu bila dawa kwa siku tatu, kwanza kwenye uso wa mwanasesere wake, kisha kwangu, kisha kwake. Siku ya nne aliishika mwenyewe.

Wazazi wengi, nami nilikuwa mmoja wao, hufikiri kwamba mtoto akiikataa barakoa inatosha kuishika mbele ya uso wake kwa umbali kidogo ili ukungu umpitie. Dawa inayofika mapafuni kwa njia hiyo ni ndogo mno. Sehemu kubwa hupotelea hewani. Vivyo hivyo, zamani niliambiwa na watu wenye nia njema kwamba mtoto akilia ndipo anapovuta pumzi kubwa na dawa ikaingia vyema. Kinyume chake ndiyo kweli. Mtoto anayelia hutoa pumzi ndefu na kuvuta vipande vifupi vya haraka, na dawa huishia kwenye koo na tumbo. Kwa hiyo dakika 6 za utulivu na barakoa iliyoshika uso sawasawa zinamfaa kuliko dakika 14 za mapambano, na hapa ndipo mashine ndogo inapostahili sifa yake kubwa, kwa kuwa ukimya wake huruhusu utulivu huo.

Kuna kasoro moja ya umbo. Dawa ni lazima iguse kiwambo muda wote, na hivyo mashine inapoinama sana mbele au nyuma ukungu hukatika. Mtoto mwenye usingizi hulala ubavu, naye mzazi hana budi kuufuata uso wake huku akilinda usawa wa kikombe. Kwa mtoto mchanga anayelazwa chali ningesema kompresa ina nafuu zaidi.

Usafi ndio uliobeba nusu ya kazi yote, na ndio ambao maelezo ya kiwandani yaliupita kwa sentensi mbili. Kijitabu kilichokuja na mashine kiliandikwa kwa mtu mwenye pumu anayeitumia mara chache, kikasema ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kuachwa ikauke. Kwa mtoto mwenye sistiki faibrosisi hilo halitoshi. Kijidudu kiitwacho Pseudomonas aeruginosa hupenda mahali penye unyevu, kama mabomba, sinki, vyombo vya maua na sehemu za nebulaiza zilizobaki na matone, na kikishajenga makao ndani ya mapafu yenye ute mzito huwa vigumu kukitoa. Chombo kinachopeleka ukungu moja kwa moja hadi ncha za mapafu kisipotakaswa, huvipeleka vijidudu kwa njia ile ile inayopeleka dawa.

Utaratibu tulioelekezwa, na ambao tumeushika, ni huu. Baada ya kila dozi ninamwaga mabaki, ninachambua vipande vyote vitano, ninaviosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo katika beseni lake peke yake, si kwenye sinki ambamo sahani za samaki zimeoshwa. Kisha vinaingia kwenye mashine ya mvuke ile inayotumika kutakasa chupa za maziwa, na baada ya hapo vinakaushwa kwa hewa juu ya kitambaa safi hadi visiwe na tone hata moja. Kiwambo chenyewe hakifutwi kwa kitambaa wala kidole wala brashi, kwa maana matundu yake huharibika kwa kuguswa tu, wala hakiingizwi kwenye oveni ya maikrowevu kwa kuwa ni chuma. Siki, ambayo majirani kadhaa walinishauri, haiaminiki kwa vijidudu vinavyotuhusu sisi. Pale ambapo hakuna mashine ya mvuke, sehemu zinazostahimili joto zinaweza kuchemshwa kwa dakika 5 kamili, maji yakiwa yanatokota, baada ya kuthibitisha kwenye kijitabu kwamba zinakubali.

Kazi hiyo inanichukua dakika 10 za mikono yangu, mbali na muda wa mvuke na wa kukauka. Na kwa kuwa vipande vya asubuhi wakati mwingine havijakauka sawasawa ifikapo jioni, tulilazimika kununua kikombe cha pili chenye kiwambo chake kwa pauni 31. Kwa hiyo bei halisi ya mashine hii, pamoja na barakoa nzuri, ilikuwa pauni 137 na si 94. Ningependa wauzaji waiseme bei hiyo tangu mwanzo.

Katika mwezi wa nne wa kuitumia niliona kwamba hadithi zinaisha kabla ya dawa. Nilipopima tena, mililita 4 zilichukua dakika 11. Chumvi ilikuwa imeziba sehemu ya matundu. Kuna dawa ya tatizo hili, nayo ni kuwasha mashine kwa dakika mbili ikiwa na mililita chache za maji yaliyosafishwa kwa mvuke, kila mara baada ya dozi ya chumvi na kabla ya kuosha, ili chumvi isigande humo. Laiti ningelijua hilo mwezi Aprili, kiwambo kile kingedumu zaidi. Nililiandikia duka barua pepe mbili, jibu likaja baada ya siku kumi na saba, nalo likasema kiwambo hakimo ndani ya dhamana. Tangu hapo nimebandika daftari kwenye mlango wa kabati la jikoni, na kila Jumapili naandika dakika. Daftari hilo limekuwa na faida nyingine isiyotarajiwa: daktari aliliangalia kliniki na mara moja akaona wiki ambayo mtoto alikuwa na mafua na makohozi mengi.

Safari ya Mombasa ndiyo iliyotufanya tuinunue mashine hii, na huko ilifanya kazi niliyoitarajia. Soketi za Kenya ni zile zile za pini tatu za Uingereza, na kompresa tuliibeba pia kwa ajili ya dornase alfa, lakini umeme ulikatika jioni nne katika wiki tatu hizo. Jioni hizo maji ya chumvi hayakukosekana hata mara moja, kwani betri ilidumu siku tatu kwa chaji moja. Mama mkwe aliitazama mkononi mwangu katika mwanga wa taa ya chaji, akauliza, "Mama Salim, ndiyo hii inayofanya kazi ya lile sanduku?" Nilipomweleza kwamba madaktari wa Australia waliona vijana wenye ugonjwa huu waliokuwa wakicheza juu ya mawimbi ya bahari wakiwa na mapafu yenye nafuu, na kwamba majaribio ya maji haya ya chumvi yaliyochapishwa mwaka 2006 yalifuata njia hiyo, alifurahi sana. Kila asubuhi baada ya dawa alimpeleka mjukuu wake ufukweni. Nilimwomba tu asidhani kwamba upepo wa bahari unaweza kushika nafasi ya dozi, naye alielewa.

Joto lilihitaji uangalifu wa namna nyingine. Mtoto mwenye ugonjwa huu hupoteza chumvi nyingi kwa jasho. Wimbi la joto lililoukumba mji wa New York mwaka 1948, ambalo liliwaangusha watoto wengi wenye sistiki faibrosisi, ndilo lililomwongoza daktari Paul di Sant'Agnese kwenye uchunguzi wa jasho aliouchapisha mwaka 1953. Tulifuata kipimo cha chumvi ya ziada tulichopewa na hospitali, na tulimpa maji kabla hajayaomba. Chembechembe za Creon, yaani vimeng'enya vyake vya chakula, ambazo hazipaswi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, zilikaa ndani ya mfuko wa kupoozea, na nilimpa kwa kijiko cha mtindi badala ya rojo la tufaha alilozoea. Dornase alfa ilikaa kwenye friji. Ikitokea friji imezimika, dawa hiyo hustahimili mara moja tu, si zaidi ya saa 24, katika joto lisilozidi nyuzi 30, na hivyo kila umeme ulipokatika niliandika saa.

Jambo moja la safari hiyo lilikuwa gumu. Usiku mmoja wifi yangu alibisha hodi. "Wifi, niazime hiyo mashine mara moja tu, mwanangu kifua kimembana." Mtoto wake ana pumu. Kumnyima ndugu kitu ambacho kipo mkononi mwako, tena usiku, tena kwa ajili ya mtoto, si jambo jepesi katika nyumba zetu. Nilimwambia, "Wifi yangu, ingekuwa nguo ningekuvulia. Lakini kikombe hiki na barakoa hii haviazimwi hata baina ya ndugu wa tumbo moja, kwa sababu vijidudu vya huyu vitamdhuru yule." Tulimpeleka mtoto zahanati pamoja, akapewa salbutamoli kwa chombo cha plastiki, akapata nafuu kabla ya alfajiri. Siku iliyofuata nilimweleza kwa kirefu, nikamwambia pia kwamba watoto wawili wenye sistiki faibrosisi hawapaswi hata kukaa karibu kwa chini ya mita mbili, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo mzazi asinunue kikombe wala barakoa iliyokwisha kutumika, hata kwa bei ya kutupa.

Je, ningemshauri mzazi mwingine ainunue? Kwa mtoto aliyekwisha kupita mwaka mmoja na nusu, anayeweza kukaa wima, na ambaye familia yake husafiri au huishi mahali ambapo umeme hauaminiki, ndiyo, mradi timu inayomtibu iione mashine kwanza na itaje dawa zinazoweza kutumika nayo. Kwa mtoto mchanga, au kwa nyumba ambayo tayari ina kompresa na haina mtu wa kusimama jikoni dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, ningesema subiri. Kompresa chafu ni hatari vilevile, lakini vikombe vyake huvumilia kuchemshwa na mikono yenye haraka, na hiki kiwambo hakivumilii. Mzazi atakayeamua kununua aulize mambo matatu kabla ya kulipa: kiwambo cha akiba kinauzwa peke yake na kwa bei gani, barakoa ya silikoni ya ukubwa wa mtoto wake inaingia kwenye kikombe hicho, na ni vipande gani vinavyoruhusiwa kuingia kwenye mvuke. Duka lisiloweza kujibu la tatu lisiuze kifaa hicho kwa familia kama zetu.

Kiwambo cha kwanza sasa ni cha safari za siku moja tu. Cha pili nimekuwa nikikisafisha kwa maji ya mvuke tangu siku ya kwanza, na Jumapili iliyopita, ikiwa ni wiki yake ya kumi na mbili, niliandika kwenye daftari: mililita 4, dakika 7.